Kabla ya Strava Kulikuwa na Phoenix: Wapanda Milima wa Tarime Ambao Hakuna Aliyeandika Majina Yao

Jumamosi alfajiri, barabara ya Bagamoyo, Dar. Wanapita kwa kundi: helmeti, bukta za kubana, miwani inayometa, baiskeli nyepesi kiasi kwamba unainyanyua kwa vidole viwili. Saa tatu asubuhi picha ipo Instagram na ramani ya Strava chini yake. Kilometa 80, mwendo wa wastani, mapigo ya moyo, na maneno mawili matatu kuhusu miguu kufa ganzi. Likizo ikifika wanatafuta milima. Wapo wanaokwenda Mombo kupanda hadi Lushoto, kilometa 30 na ushee za kona juu ya kona. Wapo wanaoiota Kitonga ya Iringa, malori yakiwapumulia kisogoni.

Safi kabisa. Mchezo mtamu, afya unapata, na picha zinatoka vizuri. Ila ukisikiliza stori za vijiweni utadhani kupanda mlima kwa baiskeli hapa Bongo kulianza siku Strava ilipoingia kwenye simu, na Strava yenyewe imeanza mwaka 2009. Kuna watu walikuwa wanapanda miaka 30, 40, 50 kabla ya hapo. Bila gia, na gunia nyuma. Hakuna aliyewapimia muda wala kuwavisha medali, na leo hata majina yao ni shida kuyapata.

Hebu twende Mara.

Matongo ni kata ya Tarime (na tulia, si yale matongo ya macho unayoamka nayo). Ipo upande wa Nyamongo, karibu kilometa 20 kusini mwa mpaka wa Kenya na kama 100 mashariki mwa Ziwa Victoria. Ukiitafuta mtandaoni kinachokuja ni dhahabu: mgodi wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002, kampuni zilizopokezana majina, malalamiko ya fidia, vijana wanaoingia kuokota mawe na vurugu zinazofuata. Baiskeli huioni popote. Lakini kabla ya greda na magari ya mgodi, na kwa muda mrefu sambamba navyo, kilichoitembeza Matongo kilikuwa na magurudumu mawili na cheni moja.

Ukiangalia ardhi yenyewe utaelewa. Kaskazini kuna nyanda za juu za Tarime: baridi, migomba, kahawa, mahindi. Kusini ardhi inateremka kwenda bonde la Mto Mara. Joto linaongezeka, malisho yanaongezeka, na ukivuka mto umeingia wilaya ya Serengeti. Ndizi ziko juu, walaji wengi wa ndizi wako chini. Ng'ombe wako chini, maduka ya jumla na mpaka viko juu. Mtaani kwetu tukisema "mteremko" tunamaanisha kitu cha bure. Tarime mteremko wa bure hakuna. Kila ulikoshuka na mzigo, utapanda kurudi.

Baiskeli yenyewe ilifika huku kama cheo. Enzi ya mkoloni aliyekuwa na Raleigh ya Uingereza, nyeusi, kengele mbele na dinamo pembeni, alikuwa karani, mwalimu au mwinjilisti wa misheni. Majirani Wajaluo wa Rorya wakaipa jina lao, ndiga. Ilikuwa chombo cha mtu mwenye kalamu mfukoni. Watu waliipiga nayo picha studio, mkono mmoja kwenye usukani, mguu mmoja mbele, kama leo mtu anavyoegemea gari la rafiki yake. Na serikali haikuiacha hivihivi. Kwa miaka mingi baiskeli ilikatiwa leseni kila mwaka, na askari wa halmashauri akikukuta huna, baiskeli inalala ofisini.

Kilichoishusha kutoka kwa karani hadi kwa mkulima ni pesa ya mazao. Usukumani, jirani tu hapo kusini, miaka ya 1950 ilikuwa miaka ya pamba. Vyama vya ushirika vilikua hadi vikaungana kuwa Victoria Federation of Cooperative Unions mwaka 1955, na msimu ukikaa vizuri baiskeli ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza mkulima alivyonunua. Tarime pesa taslimu zilitoka kwingine. Kahawa ilikuwepo. Ng'ombe walikuwepo, ila kumuuza ng'ombe wa mahari ili ununue chuma, mzee asingekuelewa. Na kulikuwa na jeshi. Wakuria walikuwa wengi sana King's African Rifles, na mshahara wa askari ulikuwa njia moja kati ya chache za kijana kushika hela bila kugusa zizi la baba yake.

Baadaye zikaja Phoenix za Shanghai, zikaja Hero na Avon za India, ikaja Swala yetu wenyewe. Zote zilikuwa za muundo mmoja: fremu ndefu ya chuma, ringi za inchi 28, breki za fimbo, kiti cha springi. Majirani wa Kenya waliziita Black Mamba. Jina zuri, ila aliyewahi kuisukuma mlimani anajua kwamba mamba mweusi ana kasi kuliko hiyo.

Halafu ukaja mwaka 1977.

Februari mwaka huo Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na kabla mwaka haujaisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilikuwa imekufa. Mpaka ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Kwa mtu wa Dar hiyo ni habari ya redioni. Kwa Mkuria ilikuwa habari ya nyumbani, kwa sababu Wakuria wako pande zote mbili. Shangazi kaolewa Kenya, mjomba anaishi Tanzania, na mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani unapita katikati ya shamba la mahindi. Halafu ikaja Vita ya Kagera 1978 na 1979, halafu ule uhaba ambao wazazi wako wakianza kuusimulia unaona kama wanatia chumvi. Na chumvi yenyewe ilikuwa haipatikani. Sabuni, sukari, mafuta ya taa, khanga, vyote foleni, vyote kibali. Hata baiskeli mpya iliuzwa kwa kibali.

Upande wa pili maduka yalikuwa na vitu. Na upande huu kulikuwa na kahawa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil, bei ya dunia ikapaa mwaka 1976 na 1977, na ghafla debe la kahawa ya Tarime likawa linaongea lugha tofauti kulingana na upande wa mpaka uliosimama.

Hapo ndipo njia za panya zilipopata kazi. Lori lina kelele na halitoki barabarani. Punda anabeba sana, ila akiamua kulia usiku wa manane mmekwisha nyote. Baiskeli inapita katikati ya migomba, na ukisikia viatu unailaza kwenye mahindi na wewe unalala pembeni yake.

Chukua kijana mmoja wa Matongo, mwaka 1979. Mwite kijana tu. Hakuwa mmoja, walikuwa wengi, na wengi wao hawakutaka jina lao lijulikane, kwa sababu zilizo wazi. Ana miaka 20 hivi. Baiskeli si yake, ni ya kaka yake mkubwa. Anaondoka giza likiingia, mzigo umefungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu, na mbele yake mlima unaanza karibu mara moja. Taa ya dinamo kaitoa makusudi, kwa sababu mwanga unasema uko wapi na dinamo yenyewe inakula nguvu ya miguu. Sehemu ya chini anaendesha. Mlima ukikaza anasimama juu ya pedeli. Ukikaza zaidi anakata barabara kwa mshazari, kushoto kulia kushoto, kama nyoka, ili kuupunguzia mlima ukali wake. Mwisho anashuka na kusukuma, bega kwenye kiti, mkono mmoja kwenye usukani. Alfajiri yuko ng'ambo. Usiku unaofuata anarudi na katoni za sabuni na mafuta ya kupikia, na sasa tatizo limegeuka: anashuka.

Kushuka na mzigo kwa breki za fimbo ni mtihani wake peke yake. Mpira wa breki unasugua ringi ya chuma, na ringi ikilowa umande breki zinabaki pambo. Dawa ilikuwa mguu. Unaukandamiza unyayo wa katambuga, yale makubazi ya tairi la gari, juu ya tairi la mbele, tairi kwa tairi, hadi moshi wa mpira ufike puani.

Mwaka 1983 mambo yalizidi kukaza. Kampeni dhidi ya wahujumu uchumi ilianza, na neno hilohilo moja likawafunika tajiri aliyeficha shehena ya bidhaa ghalani na kijana mwenye katoni mbili za sabuni kwenye karia. Ilikuwa magendo, hilo halina mjadala, na wapo waliofungwa. Ila mama aliyejifungua wiki hiyo Matongo na akapata sabuni ya kumfulia mtoto, aliipata kwa sababu kuna mtu alipanda mlima usiku.

Sasa tuongee vyombo, kwa sababu hapa ndipo wana wa bukta za kubana watakaa kimya kidogo.

Baiskeli ya mbio ya leo, kwa kanuni za shirikisho la baiskeli duniani, hairuhusiwi kushuka chini ya kilo 6.8. Yaani teknolojia imefika mahali wakubwa wamelazimika kuweka sheria ili isiwe nyepesi kupita kiasi. Phoenix ni kama kilo 20, tupu. Hiyo ni kabla ya kuongeza karia ya nondo iliyochomelewa mtaani, bomba la pili la kuimarisha fremu, na spoki za ziada gurudumu la nyuma. Weka gunia. Weka mtu mwenyewe. Unapata chombo cha kilo 140 au 150 kinachotakiwa kupanda mlima.

Lakini uzito si kiini cha ugomvi. Kiini ni gia. Baiskeli ya kisasa ya mlimani unaweza kuwa na meno 34 mbele na 34 nyuma. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara moja, unasogea kama mita 2 na kidogo. Phoenix ya kawaida ina kama meno 44 mbele na 18 nyuma, basi, imeisha hiyo. Pedeli ikizunguka mara moja unasogea mita 5 na zaidi, utake usitake. Sasa piga hesabu. Mlimani na mzigo mwendo ni kilometa 6 kwa saa, yaani mita 100 kwa dakika. Mwenye baiskeli ya kisasa anazungusha miguu karibu mara 48 kwa dakika, raha mustarehe. Mwenye Phoenix anazungusha mara 18 au 19 tu, na kila mzunguko ni kama kupanda ngazi mbili mbili umebeba mtu mgongoni. Ndiyo maana walisimama juu ya pedeli, ndiyo maana walikata mshazari, ndiyo maana walisukuma. Ukiona mtu anasukuma baiskeli mlimani usidhani kashindwa. Huo ndio ulikuwa mtindo sahihi kwa gia hiyo, na waliujua kabla ya mtu yeyote kuwaonyesha jedwali.

Fundi baiskeli, yule wa chini ya mwembe mwenye beseni la maji la kutafutia pancha, ndiye aliyekuwa kocha na mhandisi wao. Alikuwa na dawa ya miiba: anakata ukanda wa tairi kuukuu na kuulaza ndani ya tairi jipya. Cheni aliipaka oili chafu ya gari. Friwili ikianza kuteleza aliifungua, akaosha gololi kwa mafuta ya taa, akazirudisha moja moja akizihesabu kwa sauti, maana ikipungua moja mteja atarudi kwa miguu. Leo mkoba wa kufunga kwenye fremu unauzwa hela ndefu na una zipu zisizopitisha maji. Wao walikuwa na tyubu iliyokatwa vipande. Inavutika, haiteleзи.

Tarime haikuwa peke yake katika hili. Neno "boda boda" lenyewe, ambalo leo unalitumia ukiagiza pikipiki kwenye simu, lilizaliwa kwa baiskeli. Miaka ya 1960 kule Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, kati ya geti la upande mmoja na geti la upande wa pili kulikuwa na kipande ambacho magari ya abiria hayakukivusha. Vijana wakaweka mto juu ya karia na kuita wateja: boda, boda. Nani alikuwa wa kwanza kuita? Hajulikani. Mtu aliyeipa Afrika Mashariki mojawapo ya maneno yake maarufu zaidi hana jina.

Burundi wabeba ndizi walijulikana kwa kushuka milima ya kuingia Bujumbura kwa kasi ya kutisha, na kurudi juu wameshika mkia wa lori. Goma kuna chukudu, chombo cha mbao kisicho na pedeli hata moja, kinachobeba mzigo wa mamia ya kilo, na mji ukaona kinastahili sanamu. Shinyanga na Kahama baiskeli ya abiria inaitwa daladala, kwa heshima zote za daladala. Ukanda mzima huu ulijaa mapafu na mapaja ambayo hakuna aliyewahi kuyapima maabara.

Halafu siku moja watu wakaanza kupima. Mwaka 2008 mpiga picha mmoja wa Singapore, aliyekuwa anajiuliza kwa nini nchi inayotawala mbio za miguu haionekani kwenye baiskeli, aliwachukua vijana wawili wa Eldoret akawapeleka Ufaransa, kwenye mlima wa Alpe d'Huez. Huo ndio mlima ambao Tour de France inavunjia watu mioyo: kilometa 13.8, kona 21, mwinuko wa wastani wa asilimia 8. Mmoja alikuwa mpiga rangi viatu. Mwingine alikuwa dereva wa boda boda, ile ya baiskeli. Wa kwanza kati yao alifika juu kwa dakika 42 na sekunde kadhaa. Muda wa kasi kuliko wote uliowahi kutajwa mlimani hapo, wa enzi zile za madawa, ni dakika 36 na ushee. Kabla ya hapo mmoja alikuwa anang'arisha viatu, mwingine anabeba abiria.

Majina ya hao wawili unayapata mtandaoni ukitafuta dakika moja. Ya watu wa Matongo huyapati hata ukitafuta mwaka.

Rwanda nao timu yao ya taifa iliyoanza kujengwa mwaka 2007 iliokota vijana hukohuko: waliokuwa wanabeba abiria, waliokuwa wanasafirisha viazi. Septemba 2025 mashindano ya dunia yakaja Kigali, mara ya kwanza kabisa kwenye ardhi ya Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa na kilometa 267.5, zimejaa vilima mwanzo mwisho, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Tadej Pogačar akashinda, dunia ikashangaa jinsi milima ya Kigali ilivyowamaliza mabingwa. Mbeba viazi wa Rwanda hakushangaa.

Na ukitaka kitu cha karibu zaidi na Matongo, fuata mto. Mto Mara unaanzia misitu ya Mau, Kenya, unapita Maasai Mara, unaingia Serengeti, halafu unakata kati ya Tarime na Serengeti ukielekea ziwani. Juu ya mto huohuo, upande wa Kenya, mwezi Juni 2021 zilianza mbio za Migration Gravel Race: siku nne, karibu kilometa 650 za vumbi, makorongo na mawe. Waandaaji walitaka waendeshaji wa hapa wakutane na wa Ulaya kwenye ardhi yao badala ya kuhangaikia viza kila mwaka. Mkenya aliyekuwa nahodha wa timu ya Amani na mmoja wa waliosukuma wazo hilo alifariki Agosti 2022 akiwa mbioni huko Vermont, Marekani. Alikuwa na miaka 33. Ukiuliza waendeshaji wa Nairobi wakutajie mtu aliyewafungulia mlango, wengi watamtaja yeye kabla ya Chris Froome, ambaye alizaliwa Nairobi, akajifunzia mbio vilima vya Kikuyu na kikundi cha vijana wa kijijini, na akaja kuchukua Tour de France mara nne. Froome dunia nzima inamjua. Vijana waliokuwa wanamwacha nyuma milimani akiwa mtoto, je?

Kwa upande wetu mchezo uliendelea kuishi Kanda ya Ziwa zaidi ya popote. Mbio za Mwanza zilizodhaminiwa na kampuni za simu zilijaza watu barabarani, wanawake wakiwa na mbio zao ndefu, na washindi wengi wa kitaifa wametoka Shinyanga, Mwanza na Arusha. Ni mikoa ambayo mtoto anajifunza baiskeli kwa kuingiza mguu katikati ya fremu, kwa sababu kiti hakifikii.

Kilichoua ubebaji wa baiskeli ni pikipiki. Mwaka 2008 Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na ndani ya miaka michache pande zote za mpaka zilijaa injini za China na India. Pikipiki ilichukua abiria, ikachukua mzigo, ikachukua na jina. Kwa mgonjwa wa Nyamongo anayewahishwa hospitali usiku, hiyo ilikuwa neema, tusidanganyane. Kabla ya hapo alifungwa kwenye karia akasukumwa na ndugu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, na wengine hawakufika. Lakini kwa mtu wa miaka 45 ambaye miguu yake ndiyo ilikuwa mtaji, na ambaye hakuwa na milioni za kununua Boxer, biashara iliisha bila barua wala kiinua mgongo.

Kama umesoma hadi hapa na miguu inakuwasha, njia yenyewe ipo. Anzia daraja la Kirumi, ambapo Mto Mara unakaribia ziwa lenye usawa wa mita 1,134, upande na lami hadi Tarime, halafu kama kilometa 20 nyingine hadi Sirari. Hiyo ndiyo rahisi. Nzito ni kutoka Tarime kupitia Mogabiri kushuka Nyamongo na Matongo, halafu, kosa wanalofanya wengi, kurudi. Lami imekuwa ikisogezwa huko kwa vipande, kwa hiyo chukua tairi pana, milimita 35 kwenda juu, na gia ya meno 34 nyuma usiionee aibu. Beba tyubu mbili na maji ya kutosha. Eneo la mgodi lina uzio na ulinzi, usikatishe hata kama ramani ya simu inakuonyesha njia. Usiku usiendeshe, wale waliokuwa wanaendesha usiku walikuwa na sababu ambayo wewe huna.

Ondoka mapema siku ya gulio. Kwenye mpando mrefu, ukiwa unahema na saa inakwambia mapigo yamefika 170, kuna uwezekano ukamkuta mzee anasukuma Phoenix yenye mikungu mitatu ya ndizi, bega kwenye kiti, mkono mmoja kwenye usukani. Shuka. Mpe shikamoo. Shika karia umsaidie hadi kona inayofuata, na mkifika hapo, kabla hujapanda tena baiskeli yako, muulize anaitwa nani.